Mgomo wa Wachezaji na Mifuko Mitatu Tunayoichanganya

Kibanda cha Hajji hapa Busia, upande wa Uganda, kina skrini mbili, mabenchi yasiyo na mgongo, na sheria moja iliyoandikwa kwa chaki mlangoni: HAKUNA DENI. Mechi ya kawaida shilingi elfu moja, mechi kubwa elfu mbili. Wateja ni mchanganyiko: madereva wa malori wanaosubiri karatasi za forodha, wabadilisha fedha, vijana wa boda boda, maafande wawili watatu waliotoka zamu, na walimu wa shule za jirani. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, maana dereva wa Mombasa hajui Kisamia, na Msamia hana habari na Kidigo.

Jumamosi moja wakati wa mapumziko, kijana mmoja alisoma kwenye simu kwamba wachezaji wa klabu fulani ya ligi yetu wamesusia mazoezi kwa sababu hawajaona mshahara kwa miezi miwili. Kibanda kikalipuka. Aliyepiga kelele zaidi ni mwalimu mmoja wa historia. "Wavivu hawa! Wacheze kwanza, pesa baadaye."

Dereva aliyekuwa anamenya karanga pembeni akamgeukia taratibu. "Mwalimu, si ni wewe uliyekaa nyumbani mwezi wa sita, watoto wetu wakarudi na madaftari matupu?"

"Hiyo ni tofauti," akajibu mwalimu.

Mwezi wa sita aliousema dereva ni Juni 2025, walimu wa masomo ya sanaa walipogoma. Chanzo kinajulikana: tangu mwaka wa fedha wa 2022/23, mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule za sekondari za serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenzake wa historia au jiografia, mwenye shahada kama yake, amebaki kwenye karibu milioni moja. Mwalimu wetu anajua vizuri maana ya kudai haki. Sasa kwa nini mchezaji akidai anaitwa mvivu? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa majuma kadhaa. Ninavyoona, ugomvi wetu wa kibandani unatokana na kuipa jina moja, "pesa za wachezaji", mifuko mitatu tofauti kabisa: mshahara wa klabu, posho na bonasi za timu ya taifa, na ahadi za wakubwa. Kila mfuko una mwenyewe, una kanuni zake, na mgomo wake una maana yake.

Nianze na mshahara, maana ndio unaosemwa vibaya kuliko yote.

Mchezaji wa Uingereza analipwa kwa wiki fedha ambazo hapa kibandani hakuna atakayezipata maisha yake yote, na hakuna anayemwonea kijicho. Tunamtetea hata. "Anaongeza mkataba, apewe, ni haki yake." Lakini ukubwa huo ulipatikana kwa ugomvi. Hadi mwaka 1961 hakuna mchezaji wa ligi ya Uingereza aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, awe nyota au wa akiba. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kilitishia mgomo, klabu zikalegea, na muda si mrefu Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100. Mwaka 1995 ikaja hukumu ya Bosman katika mahakama ya Ulaya: mkataba ukiisha, mchezaji yuko huru kuondoka bila klabu yake kulipwa chochote. Yaliyobaki yamefanywa na televisheni. Elfu moja unayompa Hajji inamlipia kisimbuzi, na punje yake inavuka bahari hadi kwa yule winga unayemshangilia.

Kwetu hesabu ni nyingine. Mwaka 2018 FUFA, shirikisho letu la mpira, ilitia saini mkataba wa miaka 10 na kampuni ya televisheni ya StarTimes wenye thamani ya dola milioni 7.24. Kwa sikio ni fedha nyingi. Igawe kwa miaka kumi: dola 724,000 kwa mwaka. Tuseme zote, bila senti kupotelea njiani, ziende kwa klabu 16 za ligi kuu sawa kwa sawa: kila klabu inapata dola 45,250 hivi. Kikosi cha watu 25 kikigawana hizo bila kumlipa kocha, bila mafuta ya basi na bila maji ya kunywa, kila mmoja anapata kama dola 150 kwa mwezi. Na hapo nimekuwa mkarimu kupita kiasi. Kwa hiyo mshahara wa mchezaji wa Uganda hautoki hasa kwenye televisheni, wala hautoki getini. Unatoka kwenye mfuko wa mwenye klabu.

Na wenye klabu ni akina nani? Angalia orodha. KCCA ni ya mamlaka ya jiji la Kampala. URA ni ya mamlaka ya mapato. Kuna Police, kuna UPDF ya jeshi, kuna Maroons ya magereza. Vipers imejengwa na tajiri mmoja, Lawrence Mulindwa, aliyewahi pia kuwa rais wa FUFA. SC Villa ina mashabiki nchi nzima na historia nzito, na ubingwa wake wa 2024 ulikuwa wa kwanza baada ya miaka 20, lakini mapenzi ya watu hayalipi kodi ya nyumba ya beki wa kushoto. Kwenye klabu ya taasisi mshahara unaweza kuwa mdogo lakini una tarehe. Kwenye klabu inayomtegemea mtu mmoja, tarehe ni pale mtu huyo atakapokuwa na moyo mkunjufu.

Sheria za kazi za nchi nazo hazimsaidii sana. Kima cha chini cha mshahara Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kimewekwa mwaka 1984, na hadi leo hakijabadilishwa. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Elfu sita hainunui kitu cha maana. Kwa hiyo mtu akisema "wachezaji wetu wanalipwa kidogo", kisheria hakuna mstari wa maana wa kuonyesha kidogo kinaanzia wapi. Kinachobaki ni mkataba wenyewe: kilichoandikwa kilipwe. Mchezaji anayesusia mazoezi kwa miezi miwili ya mshahara haombi nyongeza. Anadai deni, kama Hajji anavyokudai ukitazama mechi kwa ahadi.

Hili hata dereva wa karanga aliliitikia kwa kichwa. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akatoa kadi yake kubwa: "Na wale wa 2019 je? Wale waligoma wakiwa wamevaa bendera yetu!"

Hapo akawa ameingiza mkono kwenye mfuko wa pili, na hapa panahitaji subira, kwa sababu mgomo ule ndio uliotufundisha wengi kuwachukia wachezaji, na ndio tuliouelewa vibaya zaidi.

Kombe la Afrika, Misri, Juni 2019. Cranes, timu yetu ya taifa, waliifunga DR Congo mabao 2-0, wakatoka sare 1-1 na Zimbabwe, wakafungwa 2-0 na wenyeji. Nafasi ya pili kwenye kundi. Uganda haikuwa imevuka hatua ya makundi tangu 1978, mwaka ule tulipofika fainali na kufungwa na Ghana. Watu walilia kwa furaha hapa Busia, mimi nikiwemo. Kisha tarehe 2 Julai, siku tatu kabla ya kukutana na Senegal, wachezaji wakakataa kwenda mazoezini. Walisema malipo waliyoahidiwa hayakufika yalivyosemwa. FUFA ikajibu kwamba kila kitu kimelipwa kulingana na makubaliano waliyotia saini kabla ya mashindano. Baadaye wakaelewana, wakarudi uwanjani, wakacheza tarehe 5, na Sadio Mané akafunga bao pekee. Mashabiki wengi waliondoka na hadithi fupi: pesa zimewatoa.

Mimi hadithi hiyo siikubali, kwa jambo moja ninalolikumbuka vizuri. Kipindi cha pili Senegal walipata penalti. Mané akaiweka chini, akapiga, Denis Onyango akaipangua. Onyango ndiye aliyekuwa nahodha wa kikosi kile kilichogoma. Mtu aliyekata tamaa na nchi yake haruki namna ile.

Lakini tuache moyo, turudi kwenye karatasi. Mchezaji wa timu ya taifa hajaajiriwa na shirikisho. Mwajiri wake ni klabu, na kanuni za FIFA zinailazimisha klabu kumwachia kwenye tarehe za kimataifa na iendelee kumlipa mshahara. Shirikisho linampa posho ya siku, bonasi ya ushindi, na sehemu ya zawadi ya mashindano. Viwango hivyo huandikwa kwenye kanuni za maadili ambazo mchezaji hutia saini kambini, mara nyingi ndege ikiwa inakaribia kuondoka. Hakuna chama kilichokaa mezani miezi sita kabla, hakuna mwanasheria wa upande wa pili. Timu ikifika mbali kuliko ilivyotarajiwa, na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikaongeza fedha kwa kila hatua, ndipo maswali yanapoanza: tuligawana vipi ile ya hatua hii? Sasa tafuta mahali pa kuulizia swali hilo ukiwa hotelini Cairo. Silaha pekee iliyobaki ni kubaki chumbani.

Wala si Waganda peke yao. Mashindano yale yale, Zimbabwe walitishia kutocheza mechi ya ufunguzi, Cameroon walichelewesha safari yao, Nigeria walisusia mazoezi. Mwaka 2014 serikali ya Ghana ilipakia zaidi ya dola milioni 3 taslimu kwenye ndege hadi Brazil ili timu yake icheze. Ukiona jambo linatokea nchi baada ya nchi, kila mashindano, hao hawawezi wote kuwa na tabia mbaya. Kasoro iko kwenye namna makubaliano yanavyofanywa.

Denmark walilionyesha jambo hili kwa upande mwingine. Septemba 2018 wachezaji wao na shirikisho walishindwa kuelewana kuhusu haki za matangazo ya biashara. Shirikisho likapeleka kikosi cha wachezaji wa futsal (mpira wa ukumbini) na wa madaraja ya chini kucheza na Slovakia, wakafungwa 3-0. Hapo mashabiki waliona kwa macho yao thamani ya waliogoma ni ipi. Sisi hatujawahi kuona, kwa sababu kila mara "busara hutumika" saa ya mwisho na swali linaahirishwa hadi mashindano mengine.

Jambo moja la kando: mashabiki husamehe sana mgomo wa mshindi. Desemba 2016 wanawake wa Nigeria walirudi Abuja na kombe la Afrika, wakakaa nalo hotelini hadi walipwe, na Waafrika wengi waliwapigia makofi. Wangegoma kabla ya fainali, nadhani tungewatukana.

Mfuko wa tatu ndio unaopendwa na wanasiasa, na unachanganya kuliko miwili ya kwanza. Hii ni ahadi. Kwenye mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, tuliyoandaa pamoja na Kenya na Tanzania, Rais Museveni aliahidi shilingi bilioni 1.2 kwa kila ushindi wa Cranes. Ng'ambo ya mpaka, hatua mia chache kutoka kibanda cha Hajji, Rais Ruto aliahidi kila mchezaji wa Kenya shilingi milioni moja za Kenya kwa kila ushindi. Tanzania walishazoea "goli la Mama", fedha za Rais Samia kwa kila bao la klabu zao kwenye mashindano ya Afrika. Cranes walizifunga Guinea na Niger, wakaongoza kundi, kisha wakatolewa na Senegal, safari hii kwenye uwanja wetu wa Namboole, kwa bao 1-0 tena. Senegal na sisi, Mungu anajua.

Sasa kumbuka CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani tu. Maana yake kijana ambaye klabu yake haijamlipa tangu mwezi wa tano anaweza kucheza dakika 90 na kutoka na fungu la bilioni. Shabiki anayesoma kichwa cha habari anaona bilioni. Haoni kwamba ni zawadi: haina mkataba, haina tarehe, haina mahali pa kushtakia ikichelewa, na mgawanyo wake kati ya wachezaji, makocha na wengine hujulikana baadaye. Juma linalofuata kijana yule yule anarudi klabuni kudai laki tatu zake, na kibanda kizima kinauliza, "Zile bilioni umepeleka wapi?"

Hivyo ndivyo zawadi inavyoua mshahara. Huu ni mtazamo wangu, na afande mmoja hapa haukubali kabisa. Yeye anasema bila mkubwa kutoa mfukoni, wachezaji wasingepata kitu. Ananikumbusha Stephen Kiprotich, askari magereza kutoka huko kwa Wasebei, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki London 2012. Rais alimpa shilingi milioni 200 na magereza ikampandisha cheo. Ni kweli. Ila sehemu iliyomweka Kiprotich mjini siku zote ni ile nyingine: alikuwa mwajiriwa wa magereza, kama Joshua Cheptegei alivyo wa polisi. Kuna mshahara mwisho wa mwezi hata goti likiuma. Milioni 200 ilikuja mara moja.

Kwa nini basi hasira yetu humwangukia mchezaji kila mara? Wamarekani wana neno tofauti kwa mgomo na jingine kwa pale mwajiri anapofunga mlango na kuwazuia wafanyakazi wasiingie. Sisi vyote tunaviita mgomo. Mwaka 1994 wachezaji wa besiboli waligoma kweli, fainali zikafutwa, na msimu uliofuata mahudhurio viwanjani yakashuka kwa karibu asilimia 20. Lakini msimu wa hoki ya barafu wa 2004/05, uliofutwa wote kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho, wenye timu ndio waliofunga milango ili kuweka kikomo cha mishahara. Shabiki aliyekosa mechi hakuona tofauti, kiti kilikuwa kitupu vile vile. Mwenye timu hana jezi. Hakosi penalti mbele yako. Huwezi kumzomea mtu usiyemjua sura, kwa hiyo unamzomea namba tisa.

Na kuna jambo ambalo si rahisi kulisema kibandani: wengi wetu tulitaka kuwa wao. Mwalimu wa historia aliwahi kucheza kombe la shule za sekondari, ana picha kwenye simu. Kwake mpira ni kitu ambacho angefanya bure. Anayedai kulipwa kwa ndoto yako anaonekana kama mwizi.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, kwa sababu nililiona kwa karibu. Kanuni za FIFA, tangu 2018, zinasema klabu isipolipa mishahara ya angalau miezi miwili, mchezaji anaweza kuandika barua, aipe klabu siku 15 zisizopungua kulipa deni lote, na isipolipa avunje mkataba akiwa na haki. Mganda anayeidai klabu ya Uganda huanzia kwenye kamati za hapa nchini. Mgeni anaweza kufika FIFA. Anayesusia mazoezi bila barua anaipa klabu sababu ya kusema ni yeye aliyevunja mkataba. Ndiyo maana "wagome tu" ni ushauri mbaya kama "wacheze tu".

Jirani yangu mmoja, beki wa kati, alidai klabu yake miezi miwili. Alikuja kwangu na mkataba uliokunjwa mara nne ndani ya bahasha ya mahari ya mtu mwingine. Tuliandika barua kwa Kiingereza, tukaipiga picha, akaipeleka mwenyewe ofisini na kuomba nakala yake igongwe muhuri. Katibu alisitasita, kisha akagonga. Siku tukazihesabu kwenye kalenda ya duka la saruji iliyotundikwa sebuleni kwake, mkewe akiweka alama kwa peni nyekundu.

Siku ya 14, saa mbili usiku, simu yake ikalia. Fedha zimeingia. Mwezi mmoja.

Nikamwambia kanuni inadai deni lote, barua yake bado ina nguvu, asubiri siku moja tu. Akaniangalia, akaangalia mlango wa mwenye nyumba ng'ambo ya ua, taa ikiwa bado inawaka. "Ndugu yangu," akasema, "wewe una siku moja. Mimi sina." Akatoka kwenda kulipa kodi. Jumatatu alikuwa mazoezini, na Jumamosi alijifunga bao. Pale kwa Hajji walisema kichwa chake kimejaa pesa.